Wiki ya Triathloni Mombasa: Kifaa Kipi cha Baiskeli Ubadilishe, Kipi Ukiache

Kama mbio zako za triathloni, yaani kuogelea, baiskeli na kukimbia, ni Jumapili, leo ni Jumatano, na mezani kwako kuna kifaa cha baiskeli ambacho bado hakijatoka kwenye karatasi yake, mwongozo huu nimekuandikia wewe. Pengine ni siti uliyoagiza miezi miwili iliyopita ikafika leo. Pengine ni magurudumu ya kaboni ambayo mwenzako wa mazoezi amekuazima kwa moyo safi. Mkono unakuwasha, spana iko karibu, na kila unayemwonyesha anakuambia, "Funga, utapaa."

Msimamo wangu nautoa mapema. Wiki ya mbio badilisha kinachoweza kukulaza njiani. Kinachoahidi kasi tu, kiache. Kazi iko katika kuvitofautisha viwili hivyo, kwa sababu mtu mwenye wasiwasi wa mbio huona kila kipya ni cha lazima.

Mifano yangu mingi inatoka kwenye barabara tunayoifanyia mazoezi: kutoka Nyali kupitia Bamburi na Shanzu hadi Mtwapa, na siku za safari ndefu tunapita Kikambala na Vipingo mpaka Kilifi. Umbali wa mbio wenyewe ni ule ule wa kila mahali. Mbio fupi zina kilomita 20 za baiskeli baada ya kuogelea mita 750, umbali wa Olimpiki una kilomita 40, na nusu ya Ironman, ile triathloni ndefu, ina kilomita 90. Ujue unapanda umbali gani kabla ya kuamua lolote. Siti inayobana unaweza kuivumilia kilomita 20. Kwa 90, maumivu yake utayabeba hadi kwenye kukimbia.

Hatua ya kwanza: andika tatizo kwa sentensi moja

Chukua kalamu uandike: "Nataka kubadilisha kitu hiki kwa sababu..." Kisha malizia kwa jambo uliloliona au kulisikia barabarani. "Tairi ya nyuma ina mkato, naziona nyuzi ndani." "Cheni inaruka nikisimama kwenye pedeli." "Waya wa breki ya mbele umeanza kuchanika pale unapoingia kwenye mkono wa breki." Aliyeandika sentensi kama hizi afungue mkoba wa spana leo leo. Hata usiku wa kuamkia mbio, tairi iliyokatika hutolewa.

Lakini sentensi ikiwa "wale walioshinda mwaka jana walikuwa nayo" au "itapunguza gramu mia tano", basi baiskeli haina tatizo. Rudisha kifaa kwenye karatasi yake, kingoje baada ya mbio.

Liko kundi la tatu ambalo watu hulisahau: kanuni. Kila gurudumu liwe na breki yake inayoshika. Ncha za usukani ziwe zimezibwa, maana bomba lililo wazi humkata mtu akianguka. Helmeti isiwe na ufa, na mkanda wake ufungwe kabla hujaishika baiskeli kuitoa kwenye kining'inizio, usifunguliwe mpaka umeirudisha. Tena uliza mapema kama mbio zenu zinaruhusu kupanda nyuma ya mgongo wa mwenzako kukwepa upepo. Zikiruhusu, kwa kawaida vile vishikio vya kulalia, vya kuegemeza viwiko mbele ya usukani, vinakatazwa kabisa, na ukivigundua asubuhi ya mbio utavifungua mbele ya mkaguzi huku wenzako wanaelekea baharini.

Hatua ya pili: geuza faida iwe sekunde

Nimewahi kuulizwa na kijana wa mazoezini, "Ami, nikitoa nusu kilo kwenye baiskeli nitapata dakika ngapi?" Tukakaa chini tukapiga hesabu. Tuseme njia yote ina mipando inayofika mita 200 ukijumlisha. Kuinua nusu kilo mita 200 kunahitaji kama jouli 980. Mpandaji anayetoa wati 180 atazitoa jouli hizo kwa sekunde tano na nusu. Hiyo ndiyo faida yote, na kwenye mteremko nusu kilo ile ile ingekurudishia sehemu yake. Barabara ya Nyali hadi Kikambala mipando yake ni midogo, kwa hiyo faida inapungua zaidi.

Sasa weka upande wa pili wa mizani. Kubadilisha tyubu iliyopata pancha, kwa mtu aliyezoea, ni dakika tano. Kwa mtu mwenye mikono inayotetemeka na rimu ngeni ambayo tairi yake imebana kuliko alivyozoea, ni kumi na tano, au asimalize kabisa. Kifaa kinachokupa sekunde tano lakini kikaongeza hata kidogo uwezekano wa kupoteza dakika kumi na tano kinakula kuliko kinavyolisha.

Upepo ndio adui mkubwa kwenye barabara tambarare, na sehemu kubwa ya upepo huo unagonga mwili wako, si baiskeli. Kuinamisha kichwa, kubana viwiko, kufunga nambari ya kifuani isipepee, kuvaa fulana isiyojaa upepo mgongoni: haya hayahitaji spana na unaweza kuyafanya hata Jumamosi. Mwanariadha anayehangaikia rimu huku fulana yake inapepea kama tanga la jahazi amekosea pa kuanzia.

Hatua ya tatu: fuata kifaa mpaka kwa jamaa zake

Hapa ndipo watu wengi wanapoumia. Kifaa cha baiskeli hakibadilishwi peke yake. Ukigusa kimoja umegusa vingine vitatu, na kile cha tatu ndicho kitakachokuangusha, kwa kuwa hukukifikiria.

Magurudumu ya kuazima ndiyo mfano mkubwa, na ndiyo yanayoletwa zaidi wiki ya mbio, kwa hiyo nitakaa hapo.

Anza na breki. Kama ni breki za rimu, rimu ya kaboni inataka mipira ya breki iliyotengenezewa kaboni. Ile uliyokuwa ukitumia kwenye rimu za alumini huenda ina vipande vidogo vya chuma vilivyojichomeka ndani, navyo vitaikwaruza rimu ya mwenzako. Tena mpira usio wake hupasha kaboni moto vibaya. Halafu upana: rimu za siku hizi ni pana kuliko za zamani, kwa hiyo waya wa breki lazima ulegezwe na mipira ipangwe upya igonge rimu katikati, isiguse tairi. Kama ni breki za diski, angalia kama diski inapita katikati ya vibanio bila kusugua. Tofauti ya nusu milimita kati ya habu (kitovu cha gurudumu) moja na nyingine inatosha kukuachia mlio wa kusaga kilomita 40 nzima.

Nenda kwenye gia. Kaseti, yale meno ya gia kwenye gurudumu la nyuma, ikiwa ya gia 11 za barabarani inahitaji habu ambayo pipa lake la kuvalia kaseti ni refu kwa karibu milimita 1.8 kuliko la gia 10. Kaseti ya 10 utaifunga kwenye habu ya 11 ukiweka ringi ya kujazia nafasi. Kinyume chake kwa kawaida hakiwezekani. Hata hesabu ikilingana, kaseti huweza kukaa pembeni kidogo kuliko ilivyokuwa, na mkono wa gia ya nyuma, ule unaohamisha cheni, ukahitaji kurekebishwa skrubu zake zinazozuia cheni isipite mwisho. Usipozirekebisha, siku utakapoingiza gia nyepesi kabisa cheni inaweza kupita meno na kuingia kwenye spoki. Hilo halikusimamishi tu, linavunja.

Kisha valvu. Rimu yenye kina cha milimita 50 au 60 inameza valvu fupi. Utahitaji tyubu zenye valvu ndefu au kirefusho, na utahitaji hivyo hivyo kwenye tyubu ya akiba. Nimeona mtu amesimama juani upande wa Shanzu na tyubu nzuri mkononi, valvu yake haitokezi hata nusu ya kucha juu ya rimu. Pampu ilikuwepo na nguvu alikuwa nazo, lakini hewa haikuwa na mlango.

Mwisho wa magurudumu ni tairi iliyomo tayari. Usikubali tairi ya mtu bila kuivua na kuitazama ndani. Hujui amepitia misumari gani.

Sasa tairi zenyewe. Hapa Mombasa nataka uwe macho na nambari 28. Baiskeli za kazi, zile Black Mamba zinazobeba mikate na magaloni ya maji, hutumia tairi inayoitwa 28, na rimu yake ina kipenyo cha milimita 635. Baiskeli ya mbio ya 700C ina rimu ya milimita 622, na baadhi ya tairi zake nazo huandikwa 28. Muuzaji akikupa "ishirini na nane" hajakudanganya, lakini huenda amekupa isiyo yako. Tairi ya 635 kwenye rimu ya 622 itaingia kwa urahisi wa kufurahisha, kisha ukiijaza itachomoka. Soma maandishi madogo ubavuni: unatafuta kitu kama 25-622 au 28-622. Baiskeli za triathloni za zamani zenye magurudumu madogo ya 650C ni 571. Kama unayo hiyo, beba akiba ya kutosha kutoka nyumbani, usitegemee duka la mtaani.

Na valvu nene kama ya gari haipiti kwenye tundu la rimu ya mbio. Fundi wako atakuwa tayari kulipanua kwa drili, naye anataka kukusaidia. Mkatalie kwa adabu: "Hapana, Mzee, acha tu." Rimu nyembamba ikitobolewa zaidi inapoteza nguvu pale pale inapohitaji.

Kuhusu cheni na kaseti, kipimo ni rula. Pini 24 za cheni mpya, yaani viungo 12 kamili vya inchi moja moja, vina urefu wa inchi 12 sawasawa. Vikifika inchi 12 na sehemu moja ya kumi na sita, cheni imechakaa, badilisha. Vikifika 12 na moja ya nane, imechakaa pamoja na kaseti yake. Hapo kuna mtego: ukifunga cheni mpya juu ya kaseti iliyolika, cheni itaanza kuruka meno ukikanyaga kwa nguvu, jambo ambalo cheni yako kuukuu haikuwa ikifanya. Kwa hiyo cheni inabadilishwa wiki mbili kabla, ikajaribiwa kwa mzigo. Siku tatu kabla, kama cheni ya zamani hairuki na haijakatika kiungo, ioshe kwa mafuta ya taa, ikauke, uitie oili kiungo kwa kiungo, ufute ya nje yote kwa kitambaa. Oili inayobaki nje haisaidii cheni, inakusanya mchanga wetu tu.

Siti na urefu wake: mwili unakumbuka kuliko unavyodhani. Kupandisha siti milimita tano kunabadilisha pembe ya goti kwenye kila mzunguko, na kwa mizunguko 85 kwa dakika, saa moja na nusu ya baiskeli ni zaidi ya mizunguko 7,600. Kama siti imevunjika na huna budi, pima kabla ya kufungua. Chukua urefu kutoka katikati ya ekseli inayozungushwa na mikono ya pedeli hadi juu ya siti, na umbali kutoka siti hadi usukani. Siti hazina urefu mmoja wa pua, kwa hiyo usipimie kwenye ncha; tafuta mahali siti ina upana wa milimita 80, weka alama ya kalamu, upimie hapo kwenye ya zamani na kwenye mpya. Zungushia utepe kwenye nguzo ya siti pale inapoingia kwenye fremu, ili ikiteleza ujue.

Vishikio vya kulalia sitavizungumza sana. Vinataka wiki sita za mgongo, shingo na mizani, na vinaiweka mikono yako mbali na breki kwenye barabara yenye tuktuk. Wiki ya mbio usivifunge. Kama vimo tayari, usivisogeze.

Viatu na kliti, yale mabamba ya chini ya soli yanayonasa kwenye pedeli: kliti za aina moja haziingii kwenye pedeli za aina nyingine hata zikifanana. Kliti iliyolika badilisha siku kumi kabla, na kabla ya kuifungua chora mpaka wake kwenye soli kwa wino usiofutika. Ukiazimwa pedeli, kumbuka ya kushoto hufunguka kwa kuzungushwa upande wa saa, kinyume cha mazoea. Kwa mbio fupi, mtu ambaye hajawahi kutumia pedeli za kunasa apande na raba zake. Atapoteza kidogo barabarani, atarudishiwa nyingine pale asipolazimika kubadilisha viatu.

Upepo wa kwetu na gurudumu la mbele

Jambo hili nalisimamia kwa nguvu kwa sababu lilinipata mimi. Mwezi wa Februari mmoja niliazimwa gurudumu la mbele lenye rimu ya milimita 60. Nikalifunga Ijumaa, nikazunguka nalo mitaa ya Nyali kati ya kuta na miti, likawa tulivu kama maji ya mtungini. Jumamosi alfajiri nikaenda mpaka Kikambala. Nikirudi, nilipoingia kwenye daraja la Mtwapa, majengo yakaisha, Kaskazi ikanipiga kutoka kushoto kwa nyuma, na usukani ukavutwa kulia kuelekea katikati ya barabara. Nyuma yangu palikuwa na matatu. Dereva alipiga honi na kukanyaga breki. Nami nilishuka baada ya daraja, nikakaa kwenye ukingo mpaka magoti yalipoacha kutetemeka. Jumapili nilipanda na gurudumu langu la alumini.

Tazama ramani utaelewa. Pwani yetu imelala kusini kwenda kaskazini, ikiegemea mashariki kidogo. Kaskazi, tangu Desemba hadi Machi, inatoka kaskazini-mashariki. Kusi, kuanzia Aprili mpaka Septemba hivi, inatoka kusini na kusini-mashariki. Zote mbili zinakuja na upande wa bahari. Ukielekea Kilifi bahari iko kulia, upepo unakusukuma kushoto, kwenye bega la barabara. Ukirudi Mombasa bahari iko kushoto, upepo unakusukuma kulia, kwenye magari. Na unarudi ukiwa umechoka. Tena upepo hukua kadiri jua linavyopanda, kwa hiyo ulichokijaribu saa kumi na mbili asubuhi si kile utakachokutana nacho saa nne.

Rimu ndefu ya nyuma haina shida hiyo kwa kiasi kikubwa, maana gurudumu la nyuma haliongozi. Ya mbele ndiyo inayoshika usukani. Hata kwenye mashindano ya dunia ya Ironman kule Kona, Hawaii, magurudumu ya nyuma yaliyozibwa kabisa kama sahani yalikatazwa kwa miaka mingi kwa sababu ya upepo wa pembeni. Wale ndio bora duniani. Ukiwa na uzito wa chini ya kilo 60, gurudumu la mbele la kina kirefu lipande tu kama umeshakaa nalo msimu mzima.

Hatua ya nne: hesabu siku zilizobaki

Zaidi ya wiki tatu kabla, funga karibu chochote: siti, viatu, cheni pamoja na kaseti, magurudumu. Una muda wa kukosea na kurudi.

Kati ya siku kumi na nne na saba: tairi mpya, cheni, nyaya za breki na gia, mipira ya breki, kliti. Waya mpya hunyooka siku za mwanzo, gia zikaanza kusita. Upe muda unyooke, uukaze tena.

Siku sita hadi tatu: tairi au tyubu iliyoharibika, utepe wa usukani uliochanika, kishikio cha chupa. Hapo hapo kagua kila kitu ambacho hutabadilisha.

Saa 48 za mwisho: kilichovunjika tu, na kifaa cha kuziba nafasi yake kiwe cha aina ile ile, saizi ile ile. Kama spoki imekatika na fundi ameibadilisha, zungusha gurudumu mbele yake utazame kama linayumba kwenye mipira ya breki, kisha ulipande. Usilichukue likiwa limeegemezwa ukutani.

Waliosafiri na baiskeli kutoka Nairobi wana kazi moja zaidi. Iwe imekuja kwa treni, basi au ndege, simama nyuma ya baiskeli utazame mkono wa gia: unapaswa kuning'inia wima sambamba na gurudumu. Kile kipande kidogo kinachoushikilia kwenye fremu hupinda kwa pigo dogo tu, na kupinda kwake huonekana kama gia mbovu, kumbe gia haina kosa. Tairi ulizozijaza Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya bahari, zitasoma karibu psi 3 (kipimo cha hewa ya tairi) pungufu hapa chini, joto likiwa lile lile, hata kama hazivuji. Na mitungi midogo ya gesi ya kujazia tairi haipandi ndege bila idhini ya shirika, kwa hiyo waliozoea kuitegemea waje na pampu ya mkono.

Hatua ya tano: kijaribu kama unataka kivunjike

Mzunguko wa kuonja mtaani si jaribio. Kifaa chochote ulichobadilisha kinadai angalau kilomita 20 kabla ya mbio, katika mambo haya.

Toka baada ya sala ya alfajiri, magari yakiwa machache. Pitia matuta kwa mwendo wa mbio, umekaa na umesimama: chupa zikiruka, kishikio hakifai, hata kiwe cha kaboni. Chupa ikidondoka kwenye joto letu, hasara yake ni kubwa kuliko ya gia mbovu, kwani utaishiwa maji kabla hujaishiwa barabara. Kisha pita gia zote, kubwa hadi ndogo na kurudi, ukiwa umekanyaga kwa nguvu. Simama ghafla mara tano. Achia mkono mmoja unywe maji. Tafuta mahali palipo wazi kwa upepo, Mtwapa au popote pasipo na majengo, lakini uwe na mtu nyuma yako.

Ukifika nyumbani usioge kwanza. Kaza tena bolti zote ulizozigusa, maana nyingi hulegea safari ya kwanza. Kwenye shingo ya usukani kwa kawaida imeandikwa nguvu ya kukaza, newton-mita 5 au karibu yake; kama huna spana ya kupimia, muombe mwenye nayo, hasa kwa usukani au nguzo ya kaboni, ambayo hukazwa ikapasuka bila kukuonya. Tazama alama ya utepe kwenye nguzo ya siti. Imeshuka? Hiyo si ya kuachia mpaka kesho.

Na kama hukupata nafasi ya kilomita 20, umeshaamua: kifaa hakipandi, isipokuwa kimechukua nafasi ya kilichovunjika.

Hatua ya sita: weka njia ya kurudi

Kabla ya kufungua chochote, piga picha kwa simu pande zote mbili, karibu, kwenye mwanga. Kile cha zamani kisafishe, kifungie pamoja na skrubu zake kwenye mfuko mmoja, uende nacho kwenye mbio. Magurudumu yako ya alumini yawe ndani ya gari au kwa rafiki aliye karibu, yakiwa na tairi na yamejazwa. Amua pia saa ya mwisho. Yangu ni magharibi ya Ijumaa. Jambo ambalo halijakaa sawa kufikia adhana ya magharibi ya Ijumaa, narudisha la zamani, hata kama nahisi nimebakisha kidogo tu.

Jumamosi jioni na asubuhi ya mbio

Kama baiskeli inalala kwenye eneo la kubadilishia, pale utakapotoka majini kuichukua, au itakaa juani mchana, punguza hewa. Tairi ya psi 80 iliyojazwa kwenye nyuzi 27, ikipikwa na jua hadi nyuzi 50, hufika karibu psi 87. Tairi nzima itahimili, lakini ile iliyobana tyubu chini ya ukingo, au yenye mkato mdogo, hupasukia hapo hapo. Jaza upya asubuhi, kwa pampu yenye geji. Vidole hudanganya.

Asubuhi weka gia nyepesi, maana utatoka majini miguu ikiwa bado haijakumbuka nchi kavu. Zungusha magurudumu yote mawili kwa kuinua baiskeli: yasiguse breki. Minya breki. Vuta spoki mbili mbili pamoja usikie kama iko iliyolegea. Angalia kwamba vifungo vya haraka vya magurudumu, kama unavyo, vimefungwa, kwa sababu jirani yako anaweza kuwa amevigusa akipanga vyake. Mafuta ya jua jipake, kisha uoshe viganja kabla ya kushika usukani. Mafuta yakichanganyika na maji ya chumvi, utepe unateleza kama samaki.

Mfuko chini ya siti: tyubu mbili zenye valvu ya urefu wa rimu ulizonazo, vijiti vya kubandulia tairi, pampu, spana ndogo za aleni. Kama ulibadilisha magurudumu wiki hii, fungua mfuko huo sasa hivi ulipo, toa tyubu, uipimishe valvu kwenye rimu kwa macho yako.

Ukimaliza mbio, maji ya bahari yaliyokudondoka yatakuwa yamekauka kwenye bolti, kwenye habu na kwenye cheni. Osha baiskeli kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyo hiyo, bila kuyasukuma kwa nguvu kwenye beringi, ikaushe, tia cheni oili. Na kama uliazimwa magurudumu ukayaacha ndani ya gari, muombe mwenye nayo akuachie wiki mbili zaidi. Yafunge Jumamosi ya baadaye, uende nayo mpaka Mtwapa na kurudi, uone daraja linasemaje.